Kongamano lako la kwanza la uhusiano wa kimataifa: usome waraka wenyewe kabla ya kuingia ukumbini

Wanafunzi wa uzamili wanaojiandaa kwa kongamano lao la kwanza la uhusiano wa kimataifa huniuliza zaidi kuhusu slaidi, mavazi, na namna ya kumwendea balozi wakati wa chai. Ni maswali ya haki na nitayagusia, lakini ipo hoja moja ambayo nataka kila anayeanza aishike kabla hajafungasha mkoba wake: katika fani hii, anayesikilizwa ni yule aliyeusoma waraka wenyewe. Nakusudia mkataba, hukumu, azimio la Baraza la Usalama, au barua ambazo serikali mbili ziliandikiana. Habari ya gazeti kuhusu mkataba huo haitoshi, wala muhtasari aliouandaa mtu mwingine. Kumbi za makongamano hujaa watu wenye maoni mazito juu ya maandishi ambayo hawajapata kuyafungua, na kijana aliyeyasoma ukurasa kwa ukurasa anaweza kugeuza mkondo wa kikao kizima hata kama hakuna anayemjua kwa jina.

Sisi wa Pwani tunao mfano ulio mlangoni petu. Tarehe 28 Agosti 2014 Somalia iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, ikiiomba iamue mpaka wa baharini baina ya nchi hizi mbili. Kenya ilipinga mamlaka ya mahakama hiyo kwa kutegemea hati ya maelewano ya Aprili 2009, na pingamizi hilo likakataliwa Februari 2017. Kesi iliposikilizwa Machi 2021, Kenya haikushiriki, na hukumu ilisomwa tarehe 12 Oktoba 2021. Tangu hapo, karibu kila kongamano la kanda hii huwa na kikao kinachorejea jambo hilo, na karibu kila kikao hugawanyika pande mbili: wanaosema Kenya ilinyang'anywa bahari yake, na wanaosema Somalia ilipewa kila ilichokitaka. Ukiisoma hukumu, utaona kwamba kauli zote mbili hazisimami.

Kenya ilidai mpaka ufuate latitudo, yaani mstari ulionyooka kuelekea mashariki, kwa hoja kwamba Somalia ilikuwa imekwisha kuukubali kwa kunyamaza tangu Kenya ilipoutangaza mwaka 1979. Majaji wote walikataa kuwa palikuwa na mpaka uliokubaliwa kwa njia hiyo. Somalia nayo ilitaka mstari wa umbali sawa, ambao kila nukta yake iko mbali sawasawa na pwani za nchi zote mbili, bila kurekebishwa. Mahakama ilianza na mstari wa namna hiyo, kisha ikausogeza kaskazini kwa manufaa ya Kenya, uamuzi uliopita kwa kura 10 dhidi ya 4 hadi kikomo cha maili 200 za baharini. Vilevile Somalia ilidai kwamba Kenya ilivunja sheria kwa shughuli zake katika eneo lililozozaniwa, na dai hilo lilitupwa na majaji wote. Mtu anayeyajua hayo hawezi tena kusema kwamba upande mmoja ulipata kila kitu, na swali lake linakuwa zito zaidi: kwa nini mstari ulisogezwa, na kwa nini ulisogezwa kiasi kile?

Swali hilo lilipoulizwa katika kikao kimoja nilichokuwa nakiongoza, aliyeliuliza alikuwa mwanafunzi aliyeketi safu ya nyuma kabisa. Mkononi alikuwa na kurasa chache za hukumu alizozichapa, pembe zimekunjika, mistari imepakwa rangi ya manjano, na pambizoni ameandika neno moja kwa kalamu: Pemba. Akaeleza kwamba mahakama iliitazama pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania kwa pamoja, ikaona kwamba pwani hiyo inajipinda kwa ndani, na kwamba Kenya iliyo katikati ingebanwa kutoka pande zote mbili kama mstari wa umbali sawa ungeachwa ulivyo. Na kwamba kisiwa cha Pemba, kilicho upande wa kusini, kinazidisha kubanwa huko. Kisha akamuuliza mtoa mada kama ni haki kwa mpaka wa Kenya na jirani wa kaskazini kupimwa kwa kuzingatia mpaka ambao Kenya ilikubaliana na jirani wa kusini. Ukumbi ulitulia. Maprofesa wawili waliokuwa wakibishana kuhusu uzalendo wakaacha mabishano na kulishughulikia swali lenyewe, na muda wote uliobaki ulikwenda huko. Hakuna mbinu ya kuzungumza mbele ya watu ambayo ingempa kijana yule nafasi ile. Aliipata kwa kusoma.

Basi kabla ya kongamano, chukua ratiba, chagua vikao vichache vinavyogusa utafiti wako, na kwa kila kimoja tafuta waraka mmoja ambao mjadala wake utauzunguka. Hukumu za mahakama hiyo zinapatikana bure kwenye tovuti yake, na maazimio ya Baraza la Usalama kwenye tovuti ya Umoja wa Mataifa. Huhitaji kusoma kila kitu. Soma sehemu ya maamuzi mwishoni, rudi kwenye aya zinazotoa sababu, kisha tazama angalau maoni ya jaji mmoja aliyepinga, kwa sababu hoja za mjadala wa baadaye mara nyingi hutoka huko.

Uharamia wa baharini ni mfano mwingine, na hapa uzembe wa maneno ni mkubwa mno. Watoa mada huita kila shambulio baharini uharamia. Ibara ya 101 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 inautaja uharamia kuwa ukatili au uporaji unaofanywa kwa maslahi ya kibinafsi, na watu wa chombo kimoja dhidi ya chombo kingine, nje ya mamlaka ya nchi yoyote. Shambulio lililofanyika ndani ya maili 12 za bahari ya nchi ni wizi wa kutumia silaha, na nchi yenye maji hayo ndiyo yenye jukumu la kulishughulikia. Tofauti hiyo ndiyo sababu Baraza la Usalama, katika azimio namba 1816 la Juni 2008, lililazimika kutoa ruhusa mahususi ili manowari za kigeni ziingie katika maji ya Somalia kwa idhini ya serikali yake ya mpito, na likasisitiza kwamba ruhusa hiyo ni kwa hali ya Somalia peke yake. Anayeusoma uhusiano wa kimataifa bila kuuelewa mstari huo wa maili 12 atapata shida kueleza kwa nini nchi zinakubali ushirikiano hapa na kuukataa pale.

Hapo ndipo ninapowaambia wanafunzi wa Mombasa wasijione wadogo mbele ya wageni kutoka vyuo vikubwa. Kesi za washukiwa wa uharamia waliokamatwa na manowari za Marekani na za Umoja wa Ulaya zilisikilizwa hapa. Mahakama maalumu yenye ulinzi mkali ilifunguliwa Shimo la Tewa, hapahapa Mombasa, mwaka 2010 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba mahakama za Kenya hazikuwa na mamlaka juu ya matendo yaliyofanyika nje ya maji ya nchi, na ikawa juu ya Mahakama ya Rufaa kuutengua uamuzi huo Oktoba 2012. Msomi wa London atayasoma hayo katika makala ya mtu mwingine, ilhali wewe unaweza kufika mahakamani kwa tuktuk, ukaomba kuyaona majalada, ukazungumza na mawakili waliosimama katika kesi hizo na makarani waliozipanga. Utafiti wa namna hiyo ndio makongamano yanayoutafuta, na ni huzuni kubwa kuona kijana wa Likoni au Kisauni akiwasilisha mada kuhusu vita baridi ya Ulaya kwa vitabu vitatu vya maktaba, wakati bandari ya Kilindini iko chini ya dirisha lake.

Kuhusu nadharia nitasema kwa ufupi. Utaambiwa uwe na nadharia, na ni kweli unaihitaji, lakini ukipewa dakika 15 usizitumie 10 kueleza historia ya uhalisia na uliberali, nadharia mbili kuu za fani hii, kwa watu wanaozifundisha. Sema kwa sentensi mbili ni nadharia gani inakusaidia kuona nini, kisha nenda kwenye ushahidi. Wala usidhani kwamba dhana lazima zitoke ng'ambo. Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na kuzikwa hapahapa mwaka 2014, aliijadili miaka ya sitini dhana ya amani ya Afrika inayolindwa na Waafrika wenyewe, aliyoiita Pax Africana. Umoja wa Afrika ulipopeleka jeshi Somalia mwaka 2007, na Kenya ilipovuka mpaka Oktoba 2011, maswali aliyoyauliza yalirudi mezani: nani analinda amani, kwa idhini ya nani, na kwa fedha za nani? Mtafiti anayeanza anaweza kuyachukua maswali hayo matatu na kuyapima kwa nyaraka za Umoja wa Afrika na za Baraza la Usalama, na akapata mada inayotosha tasnifu nzima.

Ikisiri, yaani muhtasari wa mada unaoutuma kwa waandalizi, ndiyo inayokufungulia mlango, kwa hiyo iandike ukiwa umekwisha kuujua ushahidi wako. Kamati zinazochagua mada husoma ikisiri nyingi kwa haraka, na huchoshwa na zile zinazoahidi kuchunguza changamoto na fursa za ushirikiano wa kikanda. Taja swali lako, taja nyaraka au watu utakaowategemea, na useme umegundua nini mpaka sasa. Kwenye slaidi weka ramani kama mada yako ni ya mipaka, na uweke maneno yenyewe ya ibara unayoijadili ili kila mtu ayaone. Mengine yaseme kwa mdomo. Jipime nyumbani kwa saa, kwa sababu msimamizi wa kikao atakapoinua kikaratasi cha dakika mbili, akili hufungasha virago, na wengi huruka hitimisho ambalo ndilo walilolijia.

Ukipata nafasi ya kuuliza, taja jina lako na chuo chako, uliza swali moja, kisha uketi. Kuhutubia kwa kisingizio cha kuuliza ni mazoea mabaya ya kumbi zetu, na wazee wetu katika fani wanayaendeleza kuliko vijana, usiyarithi. Wakati wa chai, mwendee mtu ambaye umesoma kazi yake na umwambie ni aya gani iliyokugusa au iliyokutatiza. Wasomi wengi wakubwa husikia sifa za jumla kila siku, ila ni wachache wanaokutana na mtu aliyewasoma kwa makini. Shikamoo yako itapokewa vizuri na wazee wa hapa, na kwa mabalozi na maofisa wa wizara tumia cheo mpaka mwenyewe akuambie vinginevyo.

Baadhi ya vikao, hasa vyenye wanadiplomasia, huendeshwa kwa kanuni ya Chatham House, iliyoanza mwaka 1927 katika taasisi ya London yenye jina hilo. Kwa kanuni hiyo unaruhusiwa kuyatumia uliyoyasikia, lakini huruhusiwi kumtaja aliyeyasema wala taasisi yake. Uichukulie kwa uzito wote. Anayepiga picha kikaoni na kuirusha mtandaoni pamoja na maneno ya ofisa wa serikali anaweza kumharibia mtu kazi, na atajifungia milango ambayo hata hakujua iko wazi. Msimamizi asipoeleza mwanzoni ni kanuni gani inatumika, muulize.

Usiku wa kila siku ya kongamano, kabla ya kulala, andika mambo machache: hoja iliyokushtua, waraka uliotajwa ambao hujausoma, na mtu unayepaswa kumwandikia. Kesho yake maelezo yatakuwa yamechanganyika. Barua pepe za kufuatilia zitume ndani ya wiki hiyo, fupi, zenye jambo moja la wazi. Utapata pia barua kutoka kwa majarida usiyoyajua yakikuahidi kuchapisha mada yako ndani ya siku chache kwa malipo; usiyajibu kabla ya kumwonyesha msimamizi wako wa utafiti, kwani makala iliyotupwa huko ni vigumu kuirudisha.

Na kama mazungumzo ya kongamano yamekupa wazo la kuwahoji wavuvi wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, kuhusu mpaka mpya wa baharini, au mawakili wa Mombasa kuhusu kesi za uharamia, anza na kibali. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 inamtaka mtafiti awe na leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, kabla ya kukusanya data nchini Kenya. Ombi hufanywa mtandaoni, na utahitaji pendekezo la utafiti lililokamilika pamoja na barua ya chuo chako. Kwa Kiunga, ambako hali ya usalama ni nyeti, fika kwanza kwa wakuu wa utawala wa eneo na kwa viongozi wa wavuvi, uwaeleze kwa Kiswahili unatafuta nini na majibu yao yatatumika wapi, na uwape muda wa kushauriana kabla hujatoa daftari.