Kabla Hujanunua Nembo: Nilivyolifuata Jina la Shufflebotham Hadi Bondeni

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Birmingham, aliyeolewa na Mwingereza mwenye jina la ukoo ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, hata watu wa posta hawajawahi kuliandika sawasawa. Watoto wake wanataka kujua jina hilo limetoka wapi, na kampuni moja ya intaneti imemwahidi historia kamili ya ukoo pamoja na nembo ya ukoo, yaani ngao yenye michoro, iliyotiwa kwenye fremu. Aliniuliza kama anunue. Jibu langu ni fupi, asinunue, ila sababu zake ni ndefu kwa kuwa mimi nilinunua.

Mimi ni Mbondei wa Muheza, na kwa miaka 14 sasa vitambulisho vyangu vinasema kuwa mimi ni Bibi Shufflebotham. Atakayesema kwamba jina la mume si la kuhangaikia hajawahi kukaa kwenye foleni ya hospitali huku muuguzi akilitazama jina lake kwenye karatasi, akikohoa kidogo, kisha akaamua kuita jina la kwanza tu. Katika Kiingereza cha leo jina hili husikika kama mtu anayeburuza makalio yake. Watoto wangu walichekwa shuleni kabla hawajajua kulisoma, na hilo ndilo lililonitia ari ya kutafuta asili yake, nikiamini kwamba aibu hupungua mtu akijua habari kamili.

Nilianza vibaya. Mwaka 2016, katika jengo moja la maduka mjini Manchester, palikuwa na kijana mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa aliyekuwa akiwauzia watu historia ya majina yao. Aliliandika jina letu, akabonyeza, na karatasi nzito yenye rangi ya chai ikatoka ikiwa na simba wawili wekundu na habari za askari farasi aliyevuka bahari pamoja na William, mtawala wa Normandy aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Nililipa bila kuuliza swali, nikaifunga kwa utepe, nikampelekea baba mkwe wangu siku ya Krismasi. Aliisoma kimya, akanishukuru kwa adabu zote, akaisimamisha nyuma ya kochi ikiwa imeelekea ukutani. Wifi yangu yeye hakuwa na adabu hiyo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema mbele ya watu wote kwamba majina ya Waingereza ni bora niwaachie Waingereza wenyewe. Sauti yake ninayo hadi leo.

Kuhusu nembo alikuwa na haki. Taasisi inayosimamia nembo nchini Uingereza, iliyoanzishwa London mwaka 1484, inasema waziwazi kwamba hakuna kitu kiitwacho nembo ya jina la ukoo. Nembo hupewa mtu mmoja, na haki ya kuitumia huwafikia wazao wake wa upande wa kiume, si kila aliyebahatika kufanana naye kwa jina. Kwa hiyo karatasi yangu ilikuwa karatasi tu. Dada wa Birmingham, fedha yako ihifadhi ya nauli.

Kosa la pili lilinila miaka mitatu, nalo ni zito zaidi kwa sababu lilikuwa langu peke yangu. Nilikuwa nikilitafuta jina katika faharasa za intaneti, yaani orodha za vizazi, ndoa na vifo, kwa herufi zilezile zilizomo kwenye pasipoti yetu, na kila nilipofika katikati ya karne ya 19 ukoo ulikuwa ukitoweka kana kwamba wote wamekufa kwa siku moja. Sitawachosha kwa habari za usiku nilioupoteza.

Aliyenifungua macho ni bibi yangu, ambaye hajawahi kufika Uingereza. Mwaka 2019 tulikwenda Muheza na mume wangu kwa mara ya kwanza tangu harusi, na bibi akataka kulijua jina la mkwe ili awatambulishe kwa majirani. Asubuhi nilimtamkia polepole, akarudia vizuri kabisa, "Shafobotamu." Mchana, alipokuwa akichambua mchele wa pilau na jirani yake, lilikwisha kuwa "Shabotamu." Jioni wageni walipoanza kuingia nikasikia mama mmoja uani akiuliza kwa nini yule mzungu anaitwa Shabu Tamu, ilhali shabu, lile jiwe analotupaka kinyozi baada ya kunyoa, kila mtu anajua linavyokunja ulimi. Bibi akamjibu bila kusita kwamba huenda shabu ya kwao ni tamu.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kwa saa 10 tu, midomo ya watu watatu ilikuwa imelichukua neno lisilo na maana kwao na kulipa maana katika lugha yao. Nikajiuliza kama midomo ya Lancashire, kaunti ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, iliyokuwa na zaidi ya miaka 600, nayo haikufanya jambo hilohilo.

Ndivyo ilivyofanya. Jina hili, kama wanavyolieleza wataalamu wa majina ya Kiingereza, limetokana na mahali padogo karibu na mji wa Bury, kaskazini ya Manchester, palipoitwa Shipperbottom. Katika maandishi ya zamani jina la mahali hapo lina vipande vitatu vya Kiingereza cha kale: kondoo, kijito au chemchemi, na bonde. Kipande cha kwanza ndicho hicho kilichomo katika jina la mji wa Shipley huko Yorkshire, ambao hauna meli ("ship") hata moja bali ulikuwa uwanja wa kondoo, na ndicho kilichomo katika Skipton vilevile. Kipande cha katikati, kile cha kijito, kilimezwa na ulimi hadi pakabaki sauti isiyoeleweka; na watu walipoona wanatamka kitu kisicho na maana wakakisogeza kwenye neno wanalolijua, "shuffle", neno la kuburuza miguu. Hapana aliyeburuza chochote. Ni shabu tamu ya Waingereza.

Ama "bottom", neno linalowachekesha sana, katika vilima vya Lancashire na Yorkshire maana yake ni sehemu ya chini ya bonde, basi. Ndiyo maana kuna akina Ramsbottom, Longbottom, Sidebottom na Winterbottom, na wapenzi wa kandanda watamkumbuka Walter Winterbottom wa Oldham, kocha wa kwanza wa timu ya taifa ya Uingereza, aliyeiongoza kuanzia 1946 hadi 1962 bila jina hilo kumzuia kufundisha. Umbo la "botham" nalo lina mizizi ya zamani. Wapo wanaodhani lilibuniwa na watu waliotaka kuficha makalio, lakini matamshi hayo mawili yameishi pamoja tangu enzi za kale, na mchezaji wa zamani wa kriketi Ian Botham analibeba neno hilohilo likiwa peke yake.

Nilipomweleza bibi haya yote kwa simu, alisema maneno ambayo nimeyaandika na kuyabandika jikoni: "Kumbe na yeye ni mtu wa bonde." Kwa wasiojua, sisi Wabondei jina letu limetokana na bonde, nchi tambarare iliyo chini ya milima ya Usambara. Nilivuka bahari kwenda kuolewa na mtu wa kwetu.

Sasa nije kwenye ushauri ambao dada aliuomba. Litamke jina. Usiliangalie, litamke, tena kama atakavyolitamka mzee wa mahali hapo asiyejua kusoma, kisha ujiulize karani aliyechoka angeandika nini. Vyeti vya ndoa vya Uingereza na Wales vilianza kuandikishwa serikalini tarehe 1 Julai 1837, na hutaja jina na kazi ya baba wa kila mmoja, jambo ambalo ni zawadi kubwa kwa mtafutaji. Niliporudi kwenye faharasa nikiwa na orodha ya matamshi badala ya tahajia, nilimpata yule babu aliyetoweka kwa siku moja. Cheti chake ninacho mbele yangu ninapoandika haya: mfumaji wa pamba, hajui kuandika, ametia alama ya msalaba uliopinda mguu mmoja, na pembeni ya msalaba karani ameandika jina lake "Shuflebotham", huku mistari miwili juu yake, kwenye nafasi ya baba, akiandika "Shufflebottom". Ni mkono mmoja, wino mmoja, dakika moja. Mimi nilikuwa nimepoteza miaka mitatu kwa kuheshimu herufi ambazo karani mwenyewe hakuziheshimu.

Ukishampata mtu, usikae na sensa ya 1841, kwa maana inauliza tu kama mtu alizaliwa katika kaunti ile anamoishi, na umri wa watu wazima imeukata kwa mafungu ya miaka mitano. Ruka hadi 1851, ambayo hutaja parokia ya kuzaliwa. Kutoka hapo unaingia kwenye daftari za kanisa, ambazo Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia izitunze mwaka 1538, ijapokuwa nyingi za mwanzo hazikubaki. Za Bury zinaanza 1590. Watu wa kujitolea wa Lancashire wamenakili daftari nyingi za kaunti yao na kuziweka kwenye intaneti bure kabisa, kwa hiyo usimlipe mtu kwa kitu kilichokwisha tolewa sadaka. Na huko kwenye daftari pia, litamke.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni jinsi jina adimu lisivyopenda safari. Watu huitwa kwa jina la kwao wakiwa wameondoka kwao, kwa maana hakuna anayemwita mtu Mlamu akiwa Lamu; bila shaka aliyelibeba jina hili mara ya kwanza, katika zama za karne ya 13 na 14 majina ya Waingereza yalipokuwa yakiganda, alikuwa amehama lile bonde. Lakini alihamia jirani tu. Ukitazama ramani zilizochorwa kutokana na sensa ya 1881, miaka mingi baada ya viwanda vya pamba na reli kuwatawanya watu, utakuta akina Shufflebottom bado wamejikusanya Lancashire, na akina Shufflebotham wameteremka kidogo kusini, Cheshire na upande wa Staffordshire kwenye viwanda vya vyungu. Hata leo huko ndiko waliko wengi wao. Waliovuka bahari wapo Marekani, Australia na Kanada, na huko Ontario utawakuta akina Shoebottom, ambao mdomo umewavisha viatu. Yupo pia William Shufflebottom aliyejiita Texas Bill, akavaa kofia pana na kuzunguka viwanja vya maonyesho vya Uingereza pamoja na familia yake wakirusha visu na kulenga shabaha. Kumbukumbu za familia hiyo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Sheffield. Huyo nampenda.

Dada ameniuliza vilevile kuhusu vipimo vya vinasaba (DNA). Kwa jina adimu vinaweza kusaidia, kwa jina la kawaida kama Smith, yaani mhunzi, havina faida kubwa, kwa sababu wahunzi walikuwa kila kijiji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichunguza majina 40 ya Kiingereza na kutangaza matokeo yao mwaka 2009. Kadiri jina lilivyokuwa adimu ndivyo wanaume wenye jina hilo walivyoelekea kuwa na asili moja ya upande wa baba, na kwa jina la Attenborough ilikuwa karibu 9 kati ya kila 10.

Lakini matokeo ninayoyapenda zaidi ni ya 2007, ya watafiti wa chuo hichohicho. Walikutana na mwanaume Mwingereza, mwenye jina adimu la mashariki ya Yorkshire, ambaye vinasaba vya upande wa baba yake vilikuwa vya aina iliyojulikana hadi wakati huo kwa watu wa Afrika Magharibi tu. Wakawatafuta wengine wenye jina lake. Kati ya 18 waliopimwa, 7 walikuwa nayo. Nyaraka ziliwarudisha kwenye koo mbili za Yorkshire, na mababu waliozaliwa miaka ya 1780, Waingereza kwa kila karatasi iliyowataja. Yaani Mwafrika alikuwa tayari amo ndani ya jina la Kiingereza kabla hajazaliwa babu yeyote wa wifi yangu ninayemfahamu, na ninawafahamu wote, kwa kuwa ni mimi niliyewatafuta. Enyi mlioolewa mbali, msikubali kuambiwa kwamba habari za jina mnalolibeba haziwahusu. Jina mlilowapa watoto wenu ni lenu pia, na mtu akicheka mwacheni acheke, ninyi endeleeni kusoma daftari.

Mwezi uliopita nilimpelekea baba mkwe nakala ya kile cheti chenye msalaba. Hakuiweka nyuma ya kochi. Aliitundika sebuleni, mahali ambapo wifi yangu hawezi kukaa bila kuitazama, kisha akaniomba nimtamkie tena namna bibi yangu anavyosema.

Dada wa Birmingham, umeniandikia jina la mumeo kwa herufi kubwa na ukalirudia mara tatu ili nisikosee. Herufi hizo ziweke kando. Mwombe baba mkwe wako alitamke akiwa hana haraka, umrekodi kwa simu, kisha unitumie sauti hiyo.