Barua kwa Mwanangu: Kuliandaa Gari Kabla ya Kuliuza

Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na nimeona ni afadhali nikujibu kwa barua kuliko kwa simu, kwa sababu mambo uliyouliza ni ya kusomwa tena ukiwa gereji au ukiwa unamsubiri wakili. Umenieleza kwamba unataka kuiuza ile Toyota IST yako mwenyewe bila kumpa dalali, na kwamba fundi wako amekushauri ulipige rangi gari zima, uioshe injini mpaka ing'ae, uifute taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi na urudishe kilomita nyuma. Unataka kujua lipi kati ya hayo lina faida. Kwa maoni yangu hakuna hata moja linalostahili fedha yako. Ulicho nacho kitumie kwenye karatasi za gari na kwenye usalama wa watakaolipanda baada yako, na ubovu utakaobaki umweleze mnunuzi waziwazi na kuuhesabu kwenye bei.

Naanza na karatasi, kwa kuwa miaka niliyosimamia magari ya ofisi nilishuhudia mara nyingi gari zima, lisilo na tatizo la injini wala bodi, likikosa mnunuzi kwa sababu ya kadi. Itoe kadi halisi ya gari uisome kana kwamba hujawahi kuiona. Hakikisha jina lililoandikwa ni lako na si la mtu aliyekuuzia, kwa sababu wako watu wengi mjini wanaoendesha magari kwa miaka bila kuhamisha umiliki, na siku ya kuuza wanaanza kumtafuta mmiliki wa zamani ambaye amekwisha hama au kufariki. Kisha linganisha namba ya chesisi na namba ya injini zilizo kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye gari lenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Iwapo injini imewahi kubadilishwa na mabadiliko hayo hayakuripotiwa Mamlaka ya Mapato, yaripoti sasa, kabla hujatangaza chochote, maana mnunuzi makini atakuja na fundi wake, na namba isipolingana ataondoka akiamini kwamba gari ni la wizi.

Baada ya kadi, kagua madeni. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa kuangalia makosa ya usalama barabarani, ulipe faini zote na kutunza stakabadhi, kisha fanya vivyo hivyo kwa ada za maegesho. Madeni haya huifuata namba ya gari, na mnunuzi anaweza kuyaona kwa simu yake akiwa amesimama mbele yako. Ni aibu isiyo ya lazima kuanza mazungumzo ya bei kwa kujitetea. Mnunuzi wa umri wangu anaweza pia kukuuliza habari za ada ya leseni ya gari ya kila mwaka. Mweleze kwa upole kwamba ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017, kwani sisi tuliokuwa tukiilipa bado tunaikumbuka.

Kusanya pia risiti zote za matengenezo ulizonazo, hata zile za kuandikwa kwa mkono, uzipange kwa tarehe ndani ya faili moja: oili, tairi, betri, breki, plagi. Risiti hizo zinamwonyesha mnunuzi kwamba gari lilikuwa na mwenyewe aliyelijali, na hakuna rangi mpya inayoweza kumwonyesha hivyo.

Sasa niseme kuhusu kilomita, na hapa sitaki uniwekee mjadala. Kurudisha kilomita ni kumdanganya mtu ili akupe fedha ambayo asingekupa kama angeujua ukweli, na mimi sikukulea kwa fedha ya namna hiyo. Mnunuzi anayeamini kwamba gari limetembea kilomita elfu themanini, kumbe limetembea laki moja na sitini, atachelewa kubadilisha vitu ambavyo vimekwisha maliza muda wake, na atakuwa barabarani na familia yake vitakapomkatikia. Zaidi ya hayo, gari lenyewe hutoa ushahidi. Mpira wa pedali ya breki uliolika, usukani uliong'aa kwa kushikwa na kiti cha dereva kilicholegea upande wa mlango haviwezi kurudishwa nyuma kwa kompyuta. Magari haya yaliyotoka Japani mara nyingi bado yana stika ndogo za matengenezo pembezoni mwa mlango au chini ya boneti, zenye tarehe na kilomita za wakati ule, na mafundi wanaokagua magari kwa niaba ya wanunuzi wanajua pa kuzitafuta.

Taa ya injini nayo usiifute. Kompyuta ya gari huiwasha kwa sababu kuna sensa iliyopeleka taarifa ya hitilafu, na ukiifuta bila kutengeneza kilichoiwasha, itarudi kompyuta itakapoiona hitilafu ileile, pengine mnunuzi akiwa amekwisha kukulipa. Peleka gari likapimwe kwa mashine, uandikiwe hitilafu yenyewe. Huenda ni koili ya plagi moja, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuwasha moto, au sensa ya oksijeni, vitu ambavyo spea zake kwa IST hupatikana kwa urahisi Kariakoo, na hapo utengeneze. Ikiwa ni jambo kubwa linalohitaji fedha usiyokuwa nayo, omba makadirio ya maandishi kutoka kwa fundi na umwonyeshe mnunuzi. Mtu asiyejua gharama ya tatizo hukisia gharama kubwa na kukukata kwa kiasi hicho, lakini akiona tarakimu kwenye karatasi mtajadiliana juu ya tarakimu hiyo peke yake.

Kuhusu kuosha injini kwa mashine ya maji yenye nguvu, nakusihi usifanye. Kwenye injini ya gari lako, iwe ni ile ya cc 1,300 au ya cc 1,500, koili hukaa juu, moja kwa moja kwenye mashimo ya plagi, na maji yakiingia humo gari huanza kukosa moto kwenye silinda moja na kutetemeka siku hiyohiyo unayotaka kulionyesha. Isitoshe, injini iliyooshwa jana humfanya mnunuzi mwenye uzoefu ajiulize ni uvujaji gani uliofichwa. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uondoe majani yaliyonasa chini ya kioo cha mbele. Kama kuna jasho la oili kwenye gasketi ya kifuniko cha juu, ibadilishe, maana gasketi hiyo si ghali. Badilisha oili na filta, ujaze kulanti ya kweli, yaani maji maalumu ya kupozea injini, badala ya maji ya bomba, kwa sababu jambo la kwanza ambalo fundi wa mnunuzi atalifanya injini ikiwa baridi ni kufungua kifuniko cha rejeta na kile cha oili. Akikuta maji yenye rangi ya kutu ataamini kwamba gari limewahi kuchemka. Injini hizi hutumia cheni ya ndani na si mkanda wa taimingi, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba muda wa kubadilisha mkanda umepita.

Rangi nitaipita haraka. Gari zima likiwa na rangi mpya swali la kila mnunuzi huwa ni ajali, na mabaki ya rangi kwenye mipira ya milango na vioo huonekana kwa mtu yeyote anayetazama kwa makini. Ukibadilisha na rangi yenyewe, utalazimika kubadilisha na taarifa za kadi. Acha mikwaruzo ya bampa ilivyo. Kitu ninachokuhimiza ukishughulikie ni kutu, kwa kuwa umeishi na gari hilo Dar es Salaam karibu na bahari na hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Tazama kingo za chini za milango, matao ya magurudumu na sakafu ya buti chini ya tairi la akiba, ukikuta kutu changa ikwanguliwe na kuzibwa, ukikuta iliyotoboa umwonyeshe mnunuzi. Taa za mbele zilizofifia kuwa za njano zinaweza kusafishwa kwa msasa laini wa maji na polishi, na hilo nalipendekeza kwa sababu linarudisha mwanga barabarani, si sura peke yake.

Sasa nakuja kwenye lile ninalolijali kuliko yote. IST hununuliwa na watu wa kawaida kabisa: mwalimu aliyeweka akiba kwa muda mrefu, wanandoa wanaopata mtoto wa kwanza, kijana anayetaka kubeba abiria ili alipe mkopo. Hawa hawana fedha nyingine ya kuliweka sawa gari wiki inayofuata. Kwa hiyo breki, tairi, usukani, mikanda ya usalama, taa zote na waipa viwe salama kabla gari halijatoka mikononi mwako, hata kama gharama hiyo hutairudisha yote kwenye bei. Kagua breki pedi na mafuta ya breki. Lijaribu gari kwenye barabara mbovu usikilize bushi na boljointi, vile viungo vya chini vinavyoshika magurudumu. Kwenye tairi, tafuta tarakimu nne zilizogongwa ubavuni, kwa mfano 3519, maana yake ni tairi lililotengenezwa katika wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la umri mkubwa lenye nyufa ubavuni halifai kwa safari ya Morogoro hata kama kashata zake bado ndefu, na tairi ambalo limelika hadi kwenye vile vialama vya milimita 1.6 vilivyo ndani ya mifereji ni kipara. Kama huwezi kununua manne, nunua mawili mazuri na useme wazi kuhusu mawili yaliyobaki.

Kiyoyozi ni raha na si usalama, kwa hiyo ukiambiwa kinahitaji gesi tu, kijaze baada ya kutafuta mahali kinapovuja. Ukiambiwa kompresa imekufa, kiache na upunguze bei.

Ndani ya gari ndipo kazi ya mikono yako itakapolipa. Ondoa viti, osha kapeti na kuianika jua kali mpaka ikauke kabisa, safisha vioo kwa ndani, usijaribu kufunika harufu kwa manukato. Rudisha jeki, spana ya magurudumu, pembetatu, kizimamoto na ufunguo wa akiba mahali pake. Ondoa vitu vyako vyote, na ufute namba za simu ulizounganisha na redio.

Tangazo lako liwe na mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, kilomita zilivyo, idadi ya wamiliki waliokutangulia hapa nchini na ubovu uliopo. Piga picha asubuhi, kila upande, pamoja na picha ya dashibodi ikiwa imewashwa na picha ya ule mkwaruzo wa bampa. Bei ipange kwa kulinganisha na IST za mwaka uleule na namba za usajili zenye herufi ileile kama yako, ukikumbuka kwamba bei zinazotangazwa na madalali huwa na cha juu ndani yake. Acha nafasi ndogo ya maelewano, kwa kuwa hakuna Mtanzania atakayenunua gari bila kuomba apunguziwe, lakini ijue moyoni bei ambayo hutashuka chini yake.

Mnunuzi akija, gari liwe halijawashwa asubuhi hiyo, ili aisikie injini ikiamka kutoka kwenye ubaridi. Mruhusu kuja na fundi, na kama anataka kulipeleka gereji aliyoichagua mwenyewe, ulipeleke wewe. Kabla ya kumpa usukani tazama leseni yake, hakikisha bima bado ni hai, ukae naye ndani ya gari na mtu wa tatu awe nyuma. Mkutane mchana, mahali penye watu, na usimkabidhi ufunguo mtu ambaye humjui aende peke yake kwa dakika hata tano.

Malipo yafanyike benki, na usiamini ujumbe wa simu wala picha ya risiti mpaka uone fedha kwenye akaunti yako. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, pawe na mashahidi, namba za vitambulisho na za mlipakodi (TIN) za pande zote mbili, namba ya chesisi, kilomita za siku hiyo, orodha ya ubovu uliomweleza na saa kamili ya makabidhiano. Saa hiyo ina maana, kwa sababu kosa la barabarani likitokea jioni ya siku ileile lazima ijulikane nani alikuwa na gari. Kisha nendeni pamoja mkakamilishe uhamisho wa umiliki kwa Mamlaka ya Mapato na mkubaliane mapema nani analipa ada na ushuru wa stempu. Usimwachie kadi kwa ahadi kwamba atahamisha mwenyewe akipata nafasi, maana mpaka jina libadilike, faini, maegesho na hata ajali zitakuja kuulizwa kwako. Siku hiyohiyo wajulishe watu wa bima.

Nitumie rasimu ya mkataba kabla ya kuusaini niisome, pamoja na karatasi ya vipimo vya ile taa ya injini mara utakapoipata. Baba yako anasema kama koili ndiyo mbovu, usinunue ya bei rahisi kupita kiasi.

Mama yako