Bibi Shamba Anajibu: Je, Kunde Zinamnyonya Mtama?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nalima mtama ekari mbili huku Chamwino. Msimu uliopita nilichanganya na kunde, masuke yakatoka madogo. Shemeji amekuja juu, anasema kunde zimenyonya maji yote. Afisa ugani naye anasema kunde ni mbolea. Nimsikilize nani?
Mama wa Chamwino

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shemeji yako ana hoja, usimdharau. Mvua yetu ya Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, inaanza Desemba na kwisha Aprili, na Februari hupenda kukata. Ukitupa mbegu za kunde na za mtama shimo moja, kama wengi tunavyofanya, lazima zigombee maji. Ulipandaje? Hukuniambia, ila nahisi ni hivyo.

Acha nafasi ya sentimita 75 hadi 90 kati ya mistari ya mtama, kisha weka mstari mmoja wa kunde katikati, wiki kama mbili baada ya mtama kuota. Chagua kunde zinazosimama. Zile zinazotambaa zitaparamia mabua. Hapo ndipo faida inapoonekana: majani yanafunika udongo, jua halichomi mizizi, unyevu haupotei ovyo, na matone ya mvua hayapigi ardhi hadi ikafanya ganda gumu. Palizi nayo inapungua, na mgongo unapata nafuu.

Kuhusu mbolea, afisa ugani amesema kweli nusu. Vijidudu vya kwenye vinundu vya mizizi hukamata naitrojeni ya hewani, yaani chakula cha mimea, lakini nyingi hutumiwa na kunde zenyewe. Mtama unapata yake baadaye, mizizi na majani yakioza. Sasa wewe ukizing'oa zote ukawapa mbuzi, mbolea imeenda zizini! Kata kwa mundu, mizizi ibaki. Tena ng'oa mche mmoja wakati wa maua, upasue vinundu: ndani vikiwa vyekundu, vinafanya kazi, vikiwa vyeupe au kijani, havifanyi.

Kama una kiduha shambani, lile gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mtama na kuunyonya, hiyo ni sababu nyingine ya kuchanganya. Mizizi ya kunde huiamsha mbegu ya kiduha, nayo ikiota haipati pa kujishikiza, inakufa. Haimalizi yote kwa msimu mmoja, kwa hiyo ukiona maua yake, ng'oa kabla hayajatoa mbegu.