Kadi ya picha kwa kompyuta ya zamani: fungua kesi kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una kompyuta ya mezani ya ofisini, kesi nyembamba, prosesa ya Core i5-3470, RAM GB 8, monita ya 1920 kwa 1080, na kijana wako anataka gemu. Umekwama kati ya kadi mbili za picha, RX 580 iliyotumika na GTX 1650. Waliotangulia wamekulinganishia kasi, na kwa kasi RX 580 inashinda, sibishi. Ila hakuna aliyekuuliza pawa saplai yako, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme, inatoa nini. Mimi swali hilo nililipuuza, nikalipia.

Mashine yangu ilikuwa ya ukoo huo huo, ila kesi yake kubwa kidogo. Nikanunua RX 580, kadi inayokula wati 185 na yenye tundu la waya wa pini 8. Kufungua kesi, waya wa pini 8 hakuna, wa pini 6 pia hakuna. Muuzaji akanitoa wasiwasi, akanipa adapta inayochomekwa kwenye waya wa SATA, ule unaolisha umeme diski ya kuhifadhia data. Ikawaka, nikafurahi. Jioni ya tatu, katikati ya gemu, skrini ikazima, na harufu ya plastiki ikatoka chini ya meza. Nilikuta kichwa cha SATA kimeyeyuka upande mmoja na kugandana na adapta, ikabidi nikate kwa koleo. Ukipiga hesabu huna wa kumlaumu: kichwa cha SATA kwenye volti 12 kina pini 3 za ampea 1.5 kila moja, yaani wati 54. Tundu la pini 8 linaruhusiwa kuvuta hadi 150. Nilimtwisha punda mzigo wa lori.

Kwa hiyo anza hapa. Sloti ndefu ya PCIe, ile inayochomekwa kadi ya picha, inatoa hadi wati 75 yenyewe, bila waya wowote. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Fungua kesi uone kama una waya hizo, kisha soma kibandiko cha pawa saplai. Usidanganywe na ile namba kubwa ya jumla, tafuta mstari wa volti 12, zidisha ampea kwa 12, ndiyo nguvu inayolisha prosesa na kadi. Soma pia kitabu cha mashine yako, maana baadhi ya kompyuta nyembamba za ofisini sloti yake imewekewa kikomo cha chini ya wati 75. Na kubadilisha pawa saplai kwenye mashine hizi si rahisi kama watu wanavyosema humu: umbo lake mara nyingi ni la mtengenezaji mwenyewe, na soketi ya mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, nayo inaweza kuwa ya kwake.

Halafu kimo. Kwenye kesi nyembamba kadi ya kawaida haiingii hata ukisukuma. Unahitaji ile fupi, ambayo kibati chake cha nyuma kina sentimita 8 hivi badala ya 12. Ukinunua iliyotumika, uliza kama kibati kifupi kipo. Watu wanakipoteza, unabaki na kadi inayoning'inia kwenye sloti bila skrubu. RX 580 imeshatoka kwenye mashindano, na hatujafika hata kwenye kasi.

Kuna mchangiaji kapendekeza RX 6400. Ni fupi, inakula wati 53, haina tundu la waya. Tatizo ni kwamba inatumia njia 4 tu za PCIe za kupitishia data. Kwenye mazabodi za kisasa, zenye toleo la PCIe 4.0, njia hizo zinapitisha karibu GB 8 kwa sekunde. Kwenye 3.0 zinapitisha 4, kwenye 2.0 ni 2 tu. Kumbukumbu ya kadi ni GB 4, na gemu likiijaza, data inaanza kuchotwa kutoka RAM kupitia kichochoro hicho hicho. Hapo ndipo picha inakwama, inaruka, inakwama tena. Prosesa yako inatoa 3.0 kama mazabodi nayo inakubali, kwa hiyo utavumilia. Mwenye i5-2400 asiiguse, ile ni 2.0. Pia RX 6400 haina kifaa cha kusimba video, yaani kuibana iwe faili, kwa hiyo kijana akitaka kurekodi gemu lake, kazi yote inaangukia prosesa, na prosesa yenyewe ndiyo hiyo ya viini 4.

RTX 3050 ya GB 6 inakula wati 70, ipo fupi, na ni nzuri kuliko zote hizi. Lakini kwa i5 ya 2012 kwenye gemu nyingi itakaa inasubiri prosesa. Jikune mkono unapofika. Ukitaka kujua kama prosesa ndiyo inayokubana baada ya kufunga kadi, shusha ukubwa wa picha ya gemu hadi 1280 kwa 720: fremu, yaani picha kwa sekunde, zisipoongezeka, kadi haina kosa.

Hata GTX 1050 Ti ingekutosha kwa umeme, ila Oktoba 2025 ndiyo ilikuwa mwisho wa draiva (programu zinazoendesha kadi) za kawaida za gemu kwa kizazi chake, imebakiziwa za usalama tu. GTX 1650 ni kizazi kinachofuata. Ningekuwa wewe ningechukua hiyo, fupi, isiyo na tundu la waya. Angalia picha ya kadi yenyewe, kwa sababu watengenezaji wengine wanaiwekea pini 6. Ichunguze kwa GPU-Z, programu inayosoma sifa za kadi, mbele ya muuzaji, uone shaderi (viini vidogo vya kuchora picha) 896. Kuna kadi kuukuu zilizobadilishwa BIOS, programu ya kuwashia iliyo ndani ya kadi, ili zijitaje kwa jina la kadi mpya, na programu hiyo huzikamata.

Mazabodi nayo ina BIOS yake, isasishe kabla ya kuchomeka, la sivyo unaweza kuambulia skrini nyeusi. Kama monita yako ni ya VGA, ile plagi ya zamani, kadi hii haitoi VGA, tafuta kigeuzi. Na kama hizo GB 8 ni kijiti kimoja, ongeza cha pili, RAM ya vijiti viwili inampunguzia prosesa kusubiri.

Kabla hujalipa, piga picha ya kibandiko cha pawa saplai na ya sloti uziweke hapa, tuzione.