Sheria ya data ibadilishwe au iachwe? Jibu kutoka kibandani Busia

Ndugu umeuliza kama hii sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019 ibadilishwe ama iachwe tu, maana vijana wanaotengeneza apu wanalia inawabana na wateja nao wanalia haiwalindi. Mi naona wote wanasema ukweli. Niko na kibanda cha pesa za simu hapa Busia upande wa Uganda, huu mwaka wa tisa, acha nikuambie niliyoyaona.

Kuna mama anauza njugu kwa koni za karatasi karibu na steji ya boda. Siku moja nanunua za mia tano, natafuna zote mpaka naangalia ile karatasi, ala, mwandiko wangu! Jina la mteja, namba ya simu, NIN yake, ile namba ya kitambulisho, herufi na tarakimu zote kumi na nne kama zilivyo kwenye ndagamuntu (kitambulisho cha taifa), pesa aliyotoa na sahihi chini. Daftari langu la zamani, nilimpa mwenyewe na mkono wangu, nikidhani nimesaidia jirani. Nilikunja ile karatasi nikaitia mfukoni kimya kimya kama mwizi, nikajiuliza koni ngapi zimeshaenda na basi za Kampala. Na msinidanganye ati sheria ni ya kompyuta, ukikusanya habari za watu hata kwa kalamu ya biki we umo.

Hapo mkosaji ni mimi. Sasa upande mwingine. Nilichukua mkopo kwa apu fulani, laki mbili, nikachelewa siku nne. Si wakaanza kupiga simu! Wakampigia mteja wangu, wakampigia mzee wa kanisa, alafu wakampigia mama mkwe, MAMA MKWE jamani, wakamwambia mkweo ni mdaiwa sugu. Mtu ambaye hata salamu namwamkia nikiwa nimeinama. Nikakumbuka wakati wa kuweka ile apu iliuliza ruhusa ya kusoma majina ya kwenye simu, nami nikabonyeza ndiyo kwa sababu bila hivyo haifunguki. Watasema nilikubali. Sawa, mimi nilikubali, lakini mama mkwe alikubali lini? Namba ni yake, jina ni lake, na hana hata simu ya kugusa.

Sheria kwa karatasi ni kali sana. Mtu akitumia data yako vibaya anaweza kufungwa mpaka miaka 10 au faini ya pointi 240, na pointi moja ni shilingi 20,000, yaani milioni 4 na laki nane, na kampuni mahakama inaweza kuipiga mpaka asilimia 2 ya mapato ya mwaka. Shida ni hilo neno mahakama. Ile ofisi ya ulinzi wa data inapokea malalamiko, inachunguza, inatoa maagizo, lakini faini yenyewe lazima ufike kortini, na nani ataacha kibanda akimbizane na wakili kwa ajili ya laki mbili? Kenya hapo ng'ambo ya geti kamishna wao anapiga faini mwenyewe. Hilo la kwanza ningebadilisha hata kesho.

La pili, ofisi yenyewe iko chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, na NITA-U ndiyo inashughulikia mitandao na mifumo ya serikali. Sasa data ikivuja huko serikalini, mtoto atamkamata baba yake? Alafu kuna kitu wengi hawajui, data ikivuja kampuni inapaswa kuiambia ofisi mara moja, lakini wewe mwenye data huambiwi mpaka ofisi iamue kwamba uambiwe. Hapo mi sielewi kabisa. Nyumba ni yangu, mwizi ameingia, polisi wanakaa kikao kuamua kama nijulishwe.

Lakini vijana nao wana haki ya kulia. Mtoto wa dada yangu alitengeneza kaprogramu kadogo ka sako (chama cha akiba) ya steji, watu wa boda kama sitini, kila mmoja aone akiba yake peke yake kwa simu. Kitu safi. Akaenda kusoma masharti akarudi amechoka, ananiambia mjomba, lazima nijiandikishe, nieleze nachukua data gani, nampa nani, naiwekaje salama, na sava yangu iko nje ya nchi kwa hiyo nionyeshe huko nako kuna ulinzi wa kutosha, na kila mwaka nirudie, yaani mimi na benki tuko mlango mmoja. Akaacha. Unajua sasa akiba za watu zinaandikwa wapi? Kwenye grupu la WhatsApp, picha ya daftari inarushwa kila Jumapili, watu sitini wanaona nani hajalipa. Yaani sheria ya faragha imetupeleka huko.

Kenya wameweka kizingiti, biashara yenye mapato chini ya shilingi zao milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 haihitaji kujiandikisha, isipokuwa kazi nyeti kama za fedha na afya. Kwa hiyo huyu kijana hata kule asingepona maana ni akiba. Ndio maana mi sitaki tupime kwa mapato tu. Tupime data yenyewe: ni ya watu wangapi, ni ya aina gani, ikimwagika inaumiza kiasi gani. Mwenye majina sitini apewe ukurasa mmoja wa masharti na muda wa kujaribu akisimamiwa, mbona Benki Kuu inao utaratibu wa majaribio kwa kampuni za malipo kutokana na sheria ya mifumo ya malipo ya 2020. Mwenye majina milioni moja na ruhusa ya kusoma simu za watu, huyo mkabe shingo kabla hajaanza.

Mi kwangu daftari likiisha linaenda nyumbani, mke anawashia makaa nikiangalia. Yule mama wa njugu amenuna mpaka leo, koni zangu siku hizi hazijai.