Kabla hujaandika "hawana mfumo wa kusaidiana"

Wadogo zangu mlioanza kazi mwaka huu, maandiko yenu ya miradi nimeyasoma na nimeyarudisha. Karibu yote yanadai kwamba wafugaji hawana mfumo wa kusaidiana wakati wa majanga. Nawapenda, mnajituma, lakini sentensi hiyo nimechoka kuifuta.

1. Anza kwa kuuliza nani ameshampa nani. Wamasai wana osotua: mwenye shida ya kweli humwendea aliyefungamana naye, huomba kinachomtosha, na mwenzake akiwa nacho hutoa bila kuandika deni. Kuna pia ewoloto, ukoo unapokaa kumchangia mifugo aliyefilisika. Huo ni utoaji wenye kanuni na waamuzi wake, na ulikuwapo kabla ya mfadhili yeyote.

Baada ya ukame wa 2021 na 2022, shirika moja lilipeleka mbuzi katika kijiji kimoja cha Simanjiro. Dodoso liliuliza kaya ina ng'ombe wangapi. Kwa mzee wa Kimasai, kumtajia mgeni idadi ya mifugo yake ni jambo zito, kwa hiyo wengi walikaa kimya. Vijana wa shirika wakaamka alfajiri, wakasimama mlangoni mwa kila zizi na vishikwambi, wakahesabu wenyewe. Kwa mama mmoja mjane wakakuta ng'ombe wanne wa maziwa, na programu ikampanga kundi la wenye uwezo. Hata mmoja hakuwa wake. Ndugu za marehemu mumewe walimwachia awakamue mpaka watoto wapate nguvu. Jirani yake, ambaye mifugo yake ilikuwa bado malisho ya mbali, pamoja na mwanawe, alionekana na zizi tupu, akapewa mbuzi.

Lililofuata ndilo linaloniuma mpaka leo. Habari zilienea kwamba mradi umefika kwa wajane. Wenye wale ng'ombe wakaamini mama ameshapata, wakawahamishia kwa mwingine aliyezidiwa, na hilo ni haki kabisa kwa utaratibu wao. Mama akakosa mbuzi, akakosa na maziwa. Kwenye mkutano wa tathmini alisimama na kibuyu, akakifungua, akakigeuza kichwa chini mbele ya meza yetu. Hakikudondoka kitu. Ripoti ya robo mwaka iliandikwa hivyohivyo: wanufaika wote wamefikiwa.

Laiti mtu mmoja angekaa na kina mama jioni moja na kuuliza, "Hawa ng'ombe ni wa nani?"

2. Pesa zipite kwenye chombo chao. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, 2021, wafadhili waliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya haki za ardhi na misitu za watu wa asili na jamii za wenyeji. Ripoti ya mwaka wa kwanza ilionyesha kuwa asilimia 7 tu ndiyo iliyokwenda moja kwa moja kwenye mashirika yao. Mifuko kama Pawanka, ambayo maamuzi yake hufanywa na watu wa asili wenyewe, imeshathibitisha kwamba njia nyingine ipo. Kama kikundi cha wanawake kina akaunti na viongozi waliowachagua wenyewe, msiunde kamati mpya eti kwa sababu fomu ina nafasi ya kamati.

3. Ridhaa huja kabla ya bajeti. Malaigwanani, viongozi wa jadi wa Kimasai, wasikilizwe, kina mama wapewe kikao chao peke yao, na karatasi ya mahudhurio isiwe kitu cha kwanza kutoka kwenye mkoba.

4. Msikimbie kazi isiyo na picha nzuri. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao kwa pamoja, kwa msaada wa UCRT (Ujamaa Community Resource Team), shirika lililozaliwa hukuhuku Kaskazini mwa Tanzania. Edward Loure, aliyeongoza kazi hiyo ya hati ndani ya UCRT, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira 2016. Kufikia hapo, ekari zaidi ya 200,000 zilikuwa zimeingia mikononi mwa jamii mbalimbali. Kazi yenyewe ni vikao, mipaka, mihuri na safari za halmashauri. Mkiipata, ishikeni kwa mikono miwili.

Maandiko niliyorudisha nayangoja Ijumaa ijayo. Sehemu ya kwanza ijazwe mkiwa kijijini, nayo ieleze nani ameshatoa nini na kwa nani. Nauli nitaidhinisha leo.