Bunduki Kando ya Kichuguu

SWALI: Bwana Mhariri, nikitafuta vyuma chakavu kwa mashine ya kutambua metali karibu na kichuguu, nje kidogo ya Lubumbashi, nilifukua bunduki yenye kutu, isiyo na magazini, yaani kisanduku cha risasi. Je, niipeleke polisi mwenyewe?
— Msomaji, Katuba

JIBU: Ndugu msomaji, usiibebe. Magazini kukosekana si uthibitisho kwamba bunduki ni tupu, kwa kuwa risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, na kutu ya nje haiiondolei baruti nguvu yake. Tena, ukikutana njiani na askari asiyekujua, utamweleza nini? Weka alama ya tawi hatua kadhaa kando, uzuie watoto, kisha mwende polisi pamoja na mkuu wa mtaa. Huenda ni masalio ya vita vya kujitenga kwa Katanga, lililokuwa jimbo la Kongo, 1960 hadi 1963. Shimo usiliendeleze: huenda chini yake pana guruneti.